Mpole Naye Atazamwe: Mwongozo wa Usonji kwa Wazazi na Walimu wa Bonde la Kilombero

Kabla hujafunga safari ya hospitali, nenda kwanza shuleni kwa mwanao saa ya mapumziko. Omba ruhusa kwa mwalimu, kaa chini ya mwembe, usimwite wala usimpungie mkono, kisha mtazame kwa dakika 15 na uandike unachokiona kwenye daftari. Iwe ni Kibaoni, Mlabani, Mang'ula au Mlimba, utakachokiona hapo kitakusaidia kuliko maelezo yote ya majirani.

Mvulana mwenye usonji, yaani hali inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na kuchangamana na wenzake, mara nyingi hakupi kazi kubwa kumtambua. Wenzake wanapiga chandimu, vumbi limetanda, kila mmoja anadai pasi. Yeye yuko karibu na ukuta anazungusha ringi ya baiskeli na kuikodolea macho, au anafuata ua kutoka nguzo moja hadi nyingine. Anayepita tu anaona kwamba huyu hayuko na wenzake.

Kwa msichana mambo hayaonekani upesi hivyo. Wasichana wanacheza rede: wawili wamesimama huku na huku wanarusha mpira wa soksi, mmoja katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, wengine wamejipanga pembeni wanasubiri zamu na kushangilia. Mwanao yumo katika kundi hilo la pembeni. Wakicheka, anacheka. Wakipiga makofi, anapiga. Ukitazama dakika mbili utaondoka umeridhika, na ndiyo maana nakuomba ukae zote 15. Utaona kwamba kicheko chake kinachelewa kidogo, kwa sababu anasoma kwanza nyuso za wenzake ndipo ajue la kufanya. Utaona zamu yake imepita mara mbili, hakuna aliyemwita na yeye hakudai. Kundi likihamia kwenye kamba, atabaki amesimama alipo, kisha atalifuata na kujibanza pembeni tena. Yupo kati ya wenzake, lakini hachezi nao.

Watafiti watatu wa Marekani, Michelle Dean, Robin Harwood na Connie Kasari, walichapisha mwaka 2017 utafiti uliofanywa kwa njia hii hii ya kutazama watoto wa shule ya msingi wakati wa mapumziko. Wavulana wenye usonji walikuwa peke yao huku wavulana wengine wakicheza michezo yenye kanuni, kwa hiyo tofauti ilijitokeza wazi. Wasichana wenye usonji walikaa karibu na wenzao, wakiingia na kutoka kwenye michezo na maongezi, na kwa mtu aliyesimama mbali walifanana na wasichana wengine. Mwalimu wa zamu anayesimamia watoto mamia kwa macho mawili husimama mbali. Si kosa lake, lakini ndivyo msichana huyu anavyopita darasa hadi darasa bila mtu kumwona.

Kuna sababu ya kihistoria pia. Daktari Leo Kanner alipoueleza usonji kwa mara ya kwanza mwaka 1943 alikuwa na watoto 11, wavulana wakiwa 8. Daktari Hans Asperger mwaka 1944 aliandika juu ya wavulana wanne. Dalili tulizorithi vitabuni, kwa sehemu kubwa, ni dalili za wavulana. Kwa miaka mingi ikasemwa kwamba kwa kila msichana mwenye usonji kuna wavulana wanne. Mwaka 2017 Rachel Loomes, Laura Hull na William Mandy wa Uingereza walipokusanya tafiti nyingi pamoja walipata uwiano ulio karibu zaidi na wavulana watatu, wakaonya kwamba wasichana wengi huenda hawapati utambuzi kabisa.

Hapa kwetu Tanzania upo utafiti mdogo wa mwaka 2006, wa Mankoski na wenzake, ambao mkazi wa bonde lenye malaria anapaswa kuujua. Watoto 14 walithibitika kuwa na usonji. Kati yao, watoto 7 walikuwa na historia ya malaria kali karibu na wakati usonji ulipoanza kuonekana. Watatu kati ya hao walikuwa wamekua vizuri kabisa hadi walipougua, wakapata homa kali ya muda mrefu na degedege. Wengine 7 hawakuwa na historia hiyo.  Idadi hiyo ni ndogo mno kujengea hukumu, lakini inanipa swali nisiloweza kuliacha: je, msichana hufika kwa daktari pale tu ugonjwa unapomtikisa mbele ya macho ya wote, na yule ambaye hakuugua hubaki nyumbani akisifiwa kwa utulivu?

Tunachokisifu ndicho kinachomficha

Sikiliza tunavyowasema watoto wetu. Mvulana asiyeitika jina lake ni mkaidi, ana kiburi, anahitaji kiboko. Msichana asiyeitika ni mpole, ana aibu, hana makuu, atakuwa mke mwema. Mmoja anapigwa kwa kitu kile kile ambacho mwenzake anasifiwa nacho, na wote wawili hawajasaidiwa. Mimi naamini hapo ndipo penye kiini cha jambo hili katika bonde letu: hatujakosa upendo, tumewahi kutoa jibu kabla ya kutazama.

Kwa hiyo, ukiulizwa kuhusu binti yako, jizuie kutumia neno "mpole". Sema anachofanya. "Akikuta watoto wanacheza, anasimama hatua tatu mbali mpaka aitwe." "Ana rafiki mmoja tu, na huyo rafiki asipokuja shuleni, hasemi na mtu siku nzima." Kwa mvulana vilevile, acha "mtundu" na "mkaidi". Sema, "Nikimwita mara nne hageuki, lakini akisikia treni ya TAZARA ikipiga honi kwa mbali anakimbia nje."

Kuna mambo matatu ya malezi yetu ambayo yanaweza kukupotosha, na hutayakuta kwenye madodoso yaliyoandikwa Ulaya na Marekani.

La kwanza ni salamu. Binti aliyelelewa vizuri anapiga goti, anasema "shikamoo", anapokea mzigo. Hayo ni maneno na matendo yaliyopangwa, hayabadiliki, na mtoto mwenye usonji anaweza kuyashika barabara kuliko wenzake. Ugumu unaanza salamu inapokwisha. Mwulize kitu ambacho hakina jibu la kukariri: "Huyo mbuzi umemtoa wapi leo?" au "Mbona mama yako kachukia?" Kisha usimsaidie. Mpe muda. Tazama kama anajibu na kuongeza la kwake, kama anarudia maneno yako, au kama anatabasamu tu. Tabasamu linalojibu kila swali ni la kuandikwa kwenye daftari.

La pili ni macho. Wenzetu wa mbali wanahesabu kutomtazama mtu machoni kuwa dalili kubwa. Kwetu mtoto anayemkazia macho babu yake huonekana hana adabu. Basi usipime macho yake kwa wakubwa. Yatazame akiwa na watoto wa rika lake, hasa pale jambo la ghafla linapotokea: mmoja ameanguka, nyoka amepita, mpira umeingia kwa jirani. Watoto wengi mara hiyo hutazamana, kana kwamba wanaulizana, "umeona?" Mwenye usonji mara nyingi anatazama kitu chenyewe na kuishia hapo.

La tatu ni mtoto mgongoni. Msichana wa miaka minane aliyembeba mdogo wake ana ruhusa ya kusimama pembeni ya kila mchezo. Hakuna atakayeuliza kwa nini haruki kamba. Kama unataka kujua ukweli, mpokee huyo mdogo kwa nusu saa, umwambie akacheze, uone anaenda wapi.

Lugha nayo ichunguzwe. Nyumbani bibi anasema naye Kindamba au Kipogoro, au familia ni ya Kisukuma iliyohamia bondeni na ng'ombe wake, na shuleni yote ni Kiswahili. Kimya cha miezi ya kwanza darasani kinaweza kuwa cha lugha tu. Swali la kumwuliza bibi ni jepesi: "Kwa lugha yetu, anakusimulia mambo? Anakuuliza maswali? Anakutania?" Kama kwa bibi anamwaga maneno na utani, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa la Kiswahili cha darasani. Kama kimya ni kile kile kwa lugha zote mbili, endelea kufuatilia.

Mwombe hadithi

Njia moja ninayoiamini sana ni hadithi. Mtoto akitoka mashine ya kukoboa mpunga na baba yake, mwombe akusimulie. Wapo watakaokupa orodha: kulikuwa na gunia, mizani, pumba, baiskeli, mashine, mwanamume mwenye kofia. Vitu vingi, na mara nyingi kwa usahihi wa ajabu. Kinachokosekana ni watu na nia zao: kwamba mwenye mashine alitaka kupunja kwenye mizani, baba akakasirika, yule mwenye kofia akaamua ugomvi.

Watafiti wa Philadelphia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukiongozwa na Jaclin Boorse, walisikiliza watoto wakisimulia hadithi ya picha. Wavulana na wasichana wenye usonji walitaja vitu kwa wingi kuliko watoto wengine. Lakini wasichana wenye usonji walitumia pia maneno ya fikra, kama "alijua" na "alidhani", kuliko wavulana wenye usonji, wakawa karibu na wasichana wasio na usonji. Maana yake kwako ni kwamba binti anaweza kukusimulia kwa maneno mazuri, ukasikia "akafikiri" na "akashangaa", na bado ana usonji. Usiishie kwenye maneno. Uliza tena katikati ya hadithi, "Kwa nini alifanya hivyo?" na uone kama anaijenga sababu au anarudia sentensi iliyopita.

Yanayompendeza pia yatakupa mwanga. Mvulana anayejua kila bajaji ya stendi kwa namba yake anaonekana wa ajabu. Msichana anayesuka nywele za mdoli yule yule kwa mtindo ule ule kila jioni anaonekana kama msichana yeyote. Tofauti haiko kwenye kitu anachokipenda. Iko kwenye nguvu ya kukishikilia, na kama anaweza kumkaribisha mwingine ndani yake. Wenzake wakicheza baba na mama, je, yuko tayari mdoli awe mgonjwa leo kwa sababu rafiki amesema hivyo? Au mchezo ukibadilika kidogo analia na kuondoka, au anawapangia wote la kusema, neno kwa neno?

Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu usihangaike sana na tofauti hizi za jinsia. Katika umri huo wasichana na wavulana wenye usonji hufanana zaidi. Tofauti hukua kadiri urafiki na michezo inavyokuwa na mambo mengi. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa au asiyenyoosha kidole kukuonyesha ndege au treni, mtoto asiye na neno hata moja akiwa na miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, apelekwe kliniki, wa kiume na wa kike sawasawa. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea apelekwe mara moja, bila kusubiri uwanja wa shule wala daftari.

Akifika nyumbani

Kuna akina mama wanaoambiwa na mwalimu, "Mama, binti yako hana shida yoyote," wakati wao kila jioni wanaona mtoto akitupa daftari, anagoma kula, anajifungia nyuma ya mlango na kulia mpaka usingizi unamchukua. Mwalimu na mama, wote wawili wanasema kweli. Siku nzima mtoto amekuwa akiiga: anacheka wenzake wanapocheka, anainuka wanapoinuka, anabana mikono isichezecheze. Kazi hiyo inachosha, na uchovu unatoka mahali anapojisikia salama, yaani kwako. Usiuchukue kama utovu wa adabu. Mpe saa moja baada ya shule pasipo maswali, pasipo wageni, pasipo kutumwa dukani. Chakula kiwe alichokizoea. Majukumu ya nyumbani yaje baada ya hapo, moja moja, na kwa maneno ya moja kwa moja: "Osha vikombe hivi vitatu" humfaa kuliko "Hebu nisaidie hapo jikoni".

Msimu wa shamba uupangie mapema. Familia nyingi za hapa huhama na kwenda kukaa kwenye dungu mabondeni wakati wa kilimo cha mpunga, na mtoto ama anakwenda ama anaachwa kwa bibi mjini. Kwa mtoto mwenye usonji kuhama huko si jambo dogo. Mwambie siku kadhaa kabla, mwonyeshe vitu vinavyofungwa, chukua mkeka wake na kikombe chake kile kile. Usishangae akitulia kabisa shambani, kwani huko watoto ni wachache na siku zinafanana, kisha akavurugika shule zinapofunguliwa. Iandike tofauti hiyo. Daktari ataitaka.

Pa kwenda

Usikilizaji upimwe kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana kama mwenye usonji, na masikio yanayotoa usaha mara kwa mara si ya kupuuzwa. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu na kadi yake ya kliniki, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, aonwe na daktari wa watoto. Taja kila degedege na kila homa kali aliyowahi kulazwa nayo, hata ya utotoni. Kama ana kifafa, kina dawa, na asicheleweshwe. Kwa utambuzi wa kina zaidi huenda ukaelekezwa Muhimbili, Dar es Salaam.

Hapo mbele ya daktari binti yako atapiga goti, atasalimia, atatabasamu na kukaa kimya. Utakuwa na dakika chache tu. Usimwachie tabasamu hilo liseme kwa niaba yake. Toa daftari: tarehe, mahali, alichofanya, nani alikuwepo. Mwalimu naye aandike ukurasa mmoja. Wenzetu wa Uingereza waligundua mwaka 2012, katika kundi kubwa la pacha, kwamba msichana mwenye dalili nyingi za usonji alipata utambuzi hasa pale alipokuwa pia na udhaifu wa akili au vurugu za tabia. Mwenye akili nzuri na tabia tulivu alipitwa. Daftari lako linafanya kazi ya kumzuia asipitwe.

Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Hautokani na kulogwa, wala chanjo, wala kosa la mama. Ukiuziwa dawa ya kuutibu, fedha hiyo itafaa zaidi kwa nauli na sare. Shule zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam na Irente Rainbow ya Lushoto, ziko mbali nasi, lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wengine. Mtafute afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako, ya Mji wa Ifakara au ya Mlimba, umweleze.

Mwalimu, kwako nina ombi moja kubwa: mpe msichana huyu kazi yenye nafasi maalumu ndani ya mchezo. Awe mhesabu pointi wa rede, mshika kamba, mgawa chaki. Mtoto anayepotea kwenye maongezi ya huria husimama imara akijua zamu yake ni ipi. Mvulana mpatie mwenzake mmoja na mpira mmoja kabla ya kumtupa kwenye chandimu ya watu ishirini. Na kiboko kwa mtoto asiyeitika hakijawahi kumfundisha kuitika.

Jambo la mwisho ni la usalama, na kwa wasichana lina uzito wa pekee. Mtoto aliyejifunza kuishi kwa kuiga na kutii anaweza kumtii yeyote. Anapewa pipi, anaambiwa "usimwambie mama", na yeye anafuata kanuni. Kwa hiyo mfundishe kanuni nyingine, kwa maneno yale yale kila siku: hakuna mtu anayegusa sehemu hizi, nikiambiwa nisimwambie mama, namwambia mama. Mfanyishe mazoezi ya kusema "hapana" kwa sauti, hata kwa mjomba, hata kwa mtu aliyemsalimia shikamoo. Kabla hajavunja ungo mwonyeshe kitambaa au pedi, jinsi ya kuvaa, jinsi ya kufua, hatua kwa hatua, tena na tena, kwa sababu mafumbo ya makungwi hayatamfikia. Mweleze pia somo wake afundishe bila mafumbo. Ukiwa na wasiwasi kwamba mtoto ameguswa au anatishwa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi.

Muhula ukiisha rudi uwanjani, kaa chini ya mwembe ule ule kwa dakika 15, uandike upya. Kama sasa anadai zamu yake hata mara moja, mpelekee mwalimu taarifa hiyo, ajue ni lipi kati ya aliyoyajaribu limesaidia.